Diski ya nje ikigoma kufunguka kwenye Linux, usikimbilie kuifomati

MWENYE kompyuta anachomeka diski yake ya nje. Taa ndogo ya buluu inawaka, diski inavuma kidogo, kisha kimya. Kwenye skrini hakuna alama yoyote inayojitokeza. Anachomoa na kuchomeka tena, anabadilisha tundu la USB, na mara ya tatu kompyuta inamjibu kwa sentensi ya Kiingereza inayomaanisha kwamba diski imeonekana lakini haiwezi kufunguliwa.

Hapo ndipo makosa hufanyika. Mwingine humkimbilia fundi ambaye naye, kwa haraka ya kazi, huifomati diski ili "ifanye kazi". Mwingine hubonyeza mwenyewe kitufe cha kwanza anachokiona. Diski inafunguka kweli, lakini ikiwa tupu.

Hali hiyo huwakuta zaidi wageni wa mfumo wa Linux, na wageni hao wana sababu ya kuongezeka. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 iliyofuata inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa mtu mwenye kompyuta ya mtumba ambayo bado ina nguvu, Linux ni njia mojawapo ya kuendelea kuitumia bila kulipia leseni.

Tatizo ni namna watu wanavyohama. Kabla ya kuweka mfumo mpya, mhamaji huhamishia kila alichonacho kwenye diski ya nje: picha za harusi, hesabu za duka za miaka mingi, tasnifu ya chuo, hati za kiwanja zilizopigwa picha. Kisha diski ya ndani ya kompyuta hufutwa ili Linux ipate nafasi. Tangu dakika hiyo, kile kilichoitwa nakala ya akiba huwa ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Diski hiyo ikigoma jioni ya siku ileile, kinachoweza kupotea ni kikubwa kuliko bei ya diski.

Hata hivyo, diski isiyofunguka si lazima iwe diski iliyokufa. Mara nyingi data zote zimo ndani salama, na kinachozuia ni waya mbovu, umeme mdogo au alama moja iliyoachwa na Windows. Kinachoamua kama zitapatikana ni kile ambacho mwenye diski atakifanya, au atajizuia kukifanya, katika dakika chache za mwanzo.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ina sifa moja inayomfaa mtu aliyepatwa na mkasa huu: haifichi kinachoendelea ndani yake. Kila kifaa kinapochomekwa, kiini cha mfumo kiitwacho kerneli huandika katika shajara yake yaliyotokea, hatua kwa hatua. Umeme lazima ufike, kisha mazungumzo ya USB yaanze, kisha diski ijitambulishe, kisha sehemu zake zionekane, kisha mfumo wa faili ueleweke, na mwisho mtumiaji awe na ruhusa ya kusoma. Kazi ya mwenye diski ni kujua mnyororo huo umekatikia wapi. Dawa ya hatua moja haifai kwa nyingine, na baadhi ya dawa ni sumu.

Taa kuwaka si ushahidi

Hatua ya umeme ndiyo hudharauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu taa inawaka. Lakini taa hiyo huhitaji umeme kidogo mno, na huonyesha tu kwamba umeme umefika kwenye kasha. Haisemi lolote kuhusu mota inayozungusha sahani za diski.

USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, inaruhusu kifaa kuchukua hadi miliampea 500 kutoka tundu moja. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha kiwango hicho hadi miliampea 900. Diski ndogo ya inchi 2.5, ile inayobebwa mfukoni, inaweza kuhitaji karibu ampea nzima katika sekunde zile za mwanzo inapoanza kuzunguka, ingawa ikishashika kasi mahitaji yake hupungua. Kwenye tundu la zamani, au kwenye kigawanyio cha matundu kisicho na umeme wake chenyewe, diski hujaribu kuanza, hushindwa, hujizima, kisha hujaribu tena. Mwenye nayo husikia mlio wa tik-tik unaojirudia na kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Mlio huo unaweza kweli kuwa dalili ya kichwa cha kusomea kilichoharibika. Unaweza pia kuwa njaa ya umeme tu. Namna nyepesi ya kutofautisha ni kuondoa kila kilicho katikati, yaani kigawanyio na waya wa kurefushia, na kuichomeka diski moja kwa moja kwenye tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani. Matundu ya nyuma yamo kwenye bodi kuu yenyewe, wakati yale ya mbele yameunganishwa kwa waya mwembamba unaopita ndani ya kasha la kompyuta. Kwenye kompyuta ya mkononi, tundu la USB 3.0 lijaribiwe kwanza, mara nyingi hutambulika kwa rangi ya buluu ndani yake. Mlio ukiendelea hata huko, diski izimwe na isijaribiwe tena na tena, kwa sababu kila jaribio linaweza kuongeza madhara.

Diski kubwa za inchi 3.5 huwa na adapta yake ya umeme, kwa kawaida ya volti 12. Hatari yake ni ya aina nyingine. Adapta ya kompyuta ya mkononi, ambayo nyingi ni za volti 19, inaweza kuwa na pini inayoingia vizuri kabisa kwenye tundu la diski. Kuingia si kufaa. Volti iandikwayo kwenye adapta isomwe kabla ya kuchomeka, la sivyo bodi ya diski inaweza kuungua kwa sekunde moja.

Waya nao una visa vyake. Diski nyingi za USB 3.0 hutumia kichwa kipana chenye vyumba viwili, na waya mwembamba wa simu huingia katika chumba kimoja bila shida. Ukiwa waya kamili, diski hufanya kazi kwa mwendo wa polepole wa USB 2.0. Ukiwa ni wa kuchajia tu, hauna nyaya za data ndani yake: taa itawaka, mota inaweza hata kuzunguka, na kompyuta isijue kabisa kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Kuiuliza kerneli

Baada ya umeme na waya, kubahatisha hakuna nafasi tena. Diski ichomolewe, kisha mtumiaji afungue terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

sudo dmesg -w

Amri hiyo huonyesha shajara ya kerneli na kuiacha wazi ili mistari mipya ionekane inapoandikwa. Sasa diski ichomekwe, na macho yabaki kwenye skrini kwa nusu dakika hivi.

Endapo shajara haikusogea hata mstari mmoja, tatizo liko upande wa umeme, waya au tundu, na hakuna programu yoyote duniani itakayosaidia. Endapo mistari imetokea ikiwa na makosa namba -71 au -110, kompyuta imehisi kifaa lakini mazungumzo yao yamevunjika. Namba -71 ni kosa la itifaki, yaani majibu yamefika yakiwa yamevurugika. Namba -110 ni muda kumalizika bila jibu lolote. Zote mbili humrudisha mtu kwenye waya na umeme, na baada ya hapo kwenye chipu ya kasha, ambayo kazi yake ni kutafsiri kati ya lugha ya USB na lugha ya diski yenyewe.

Endapo shajara imetaja jina la mtengenezaji, ukubwa wa diski na jina fupi kama sdb, habari ni njema. Umeme, waya na chipu vyote vimetimiza wajibu wao, na diski imejitambulisha. Hatua inayofuata ni amri moja isiyobadilisha chochote:

lsblk -f

Hapo huonekana diski zote pamoja na sehemu zilizogawanywa ndani yake, aina ya mfumo wa faili wa kila sehemu, na mahali ilipofunguliwa, kama imefunguliwa. Diski ya nje huweza kuwa sdb na sehemu yake ya kwanza sdb1. Ikiwa lsblk ya kawaida, bila hiyo -f, inaonyesha kwamba ukubwa wa diski ni sifuri, maana yake ni kwamba chipu ya kasha inajibu lakini diski iliyo nyuma yake imenyamaza.

Tahadhari moja haina budi kuwekwa hapa. Majina hayo si ya kudumu. Diski iliyokuwa sdb asubuhi yaweza kuwa sdc jioni, ikitegemea kipi kilichomekwa kwanza. Mtu anayenakili amri aliyoiona mahali fulani na kuibandika kama ilivyo anaweza kufuta diski ya ndani akidhani anashughulikia ya nje, na Linux haitamuuliza mara mbili. Ukubwa na lebo ya diski vilinganishwe kila mara kabla ya amri yoyote inayoandika.

Wapo wanaoshauri kwamba kasha likifa, diski itolewe na kuwekwa katika kasha jingine. Ushauri huo ni mzuri, lakini si kwa diski zote. Baadhi ya makasha husimba data kwa chipu yao hata pale mwenye diski asipoweka neno la siri, hivyo diski ikitolewa huonekana kama imejaa takataka. Nyingine zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kuhamisha. Anayekuta takataka baada ya kubadilisha kasha asiamini mara moja kwamba data zimeharibika, na kwa vyovyote asikubali kuifomati.

Alama iliyoachwa na Windows

Kundi kubwa la wahamaji hukwama hapa. Diski inaonekana, sdb1 ipo, aina yake imeandikwa ntfs, lakini Linux inakataa kuifungua.

NTFS ni mfumo wa faili wa Microsoft, na kwa miaka mingi kuandika ndani yake kutoka Linux kulikuwa jambo la mashaka. Mwaka 2007 programu ya NTFS-3G ilitoa toleo lake la kwanza lililohesabiwa kuwa imara. Mwaka 2021 kerneli yenyewe, katika toleo la 5.15, ilipokea msimbo wa NTFS ulioandikwa na kampuni ya Paragon. Kwa hiyo leo Linux ikikataa diski ya aina hii, kwa kawaida si kwamba haiijui. Inakataa kwa sababu imeona alama.

Ndani ya NTFS kuna alama ndogo inayosema kwamba kazi haikufungwa vizuri. Hubaki pale diski inapochomolewa katikati ya kuandika, au umeme unapokatika kompyuta ya mezani ikiwa haina betri ya akiba. Tena kuna sababu ambayo wengi hawaifahamu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta kunaweza kusiwe kuzima kamili: sehemu ya mfumo hulazwa usingizi ili kesho yake iwake haraka. Diski iliyokuwa imechomekwa wakati huo inaweza kubaki na kazi ambayo Windows inakusudia kuiendeleza itakapoamka. Linux ikiandika juu yake katika hali hiyo, vitabu viwili vya hesabu moja vitagongana. Kukataa kwake, basi, ni ulinzi.

Hatua ya kwanza ni kuifungua kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

Herufi ro ndizo zinazozuia kuandika. Faili zikionekana ndani ya /mnt, mwenye diski anakili zote mahali pengine kabla ya jambo lolote jingine. Asiye na nafasi ya kutosha aazime diski. Usumbufu wa kuazima ni mdogo kuliko ule wa kueleza familia kwamba picha zote za marehemu babu zimetoweka.

Baada ya kunakili ndipo ukarabati. Ulio bora hufanywa na Windows yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoijua NTFS kwa ukamilifu. Diski ichomekwe kwenye kompyuta yenye Windows, ipitishiwe amri ya chkdsk yenye /f, kisha itolewe kwa utaratibu. Iwapo kompyuta hiyo ndiyo iliyoiacha na alama, iwashwe upya kwanza badala ya kuzimwa, kwa maana kuwasha upya hufanya uzimaji kamili. Linux nayo ina amri ya ntfsfix, na wapo wanaoichukulia kama mbadala wa chkdsk. Si mbadala. Hurekebisha mambo machache ya msingi na inaweza kuiondoa alama ile, lakini haichunguzi diski nzima. Kuondoa alama bila kutibu kilichoileta ni sawa na kuzima king'ora huku moshi ukiendelea.

Wakati mwingine lsblk haitaji ntfs bali BitLocker. Hiyo ni diski iliyosimbwa, na bila neno la siri au ufunguo wa kurejesha hakuna fundi atakayeifungua. Mwenye ufunguo hana haja ya kurudi Windows, kwani programu ya cryptsetup inaweza kufungua diski za aina hiyo tangu toleo la 2.3 la mwaka 2020.

Mfumo wa exFAT, unaotumika sana kwenye kadi za kamera na diski kubwa za kubebwa, una historia fupi. Microsoft ilichapisha maelezo yake ya kiufundi mwaka 2019, na kerneli ya Linux ikapata msimbo wake wa kudumu katika toleo la 5.7 la mwaka 2020. Anayetumia Linux ya kabla ya hapo huhitaji kuongeza programu. Wa sasa hahitaji kitu.

Inafunguka lakini haikubali kuandikwa

Yapo malalamiko ya aina nyingine: faili zinasomeka, ila kila jaribio la kuhifadhi linagonga mwamba. Kama diski ni ya ext4, mfumo wa Linux wenyewe, huenda ni suala la ruhusa. Kila faili hukumbuka namba ya mwenyewe, si jina lake. Aliyekuwa mtumiaji namba 1000 kwenye kompyuta ya kazini akiwa namba 1001 nyumbani, Linux humwona kuwa mgeni mbele ya faili zake mwenyewe. Amri ya chown humrudishia umiliki.

Ikiwa diski ilikubali kuandikwa kisha ghafla ikakataa katikati ya kazi, shajara isomwe tena. Kerneli ikigundua hitilafu katika mfumo wa faili wa FAT, kwa mfano, kwa kawaida huifunga diski isiandikwe ili isiharibike zaidi. Wengi hulazimisha kufungua upya na kuendelea. Swali la kujiuliza ni kwa nini ilifungwa.

Jibu jepesi ni kwamba ilichomolewa vibaya siku iliyopita. Linux hupokea data haraka na kuziweka kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huziandika kwenye diski taratibu. Ndiyo maana mstari wa kunakili hufika asilimia 100 upesi na kuonekana umekwama, au dirisha hufungwa kabisa, huku taa ya diski ikiendelea kumeta. Anayechomoa wakati huo huondoka na faili zenye majina kamili na matumbo matupu. Kitufe cha kutoa diski, au amri ya sync, husubiri mpaka kila kitu kiandikwe. Na mfumo ukisema kwamba diski bado inatumika, mara nyingi ni terminali iliyoachwa wazi ndani ya folda ya diski hiyo, au picha iliyosahaulika kwenye dirisha jingine. Amri ya lsof ikifuatwa na njia ya folda hiyo humtaja mhusika.

Diski inayokufa

Jibu zito ni kwamba diski yenyewe inachakaa. Dalili zake katika shajara ni mistari inayorudiarudia makosa ya kusoma, ikitaja sdb na namba ya sekta. Dalili nyingine ni folda inayochukua dakika nzima kufunguka, au kompyuta kuganda kila faili fulani linapoguswa. Amri ya smartctl, pamoja na chaguo la -d sat kwa makasha mengi ya USB, huonyesha rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea. Vipengele vya kutazamwa kwanza ni namba 5, 197 na 198, vinavyohesabu sekta zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi na zilizoshindikana. Sifuri ni faraja. Namba inayopanda kila siku ni kengele.

Hapa ndipo dawa hugeuka sumu. Amri za fsck na chkdsk zimetengenezwa kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski nzima ya afya. Zikipitishwa kwenye diski inayokufa, huisomesha mfululizo kwa saa nyingi na kuandika juu yake kwa kufuata kile zilichofanikiwa kusoma, ambacho huenda ni pungufu. Diski inaweza kumaliza uhai wake uliobaki ikifanyiwa matengenezo.

Utaratibu sahihi ni kunakili kwanza, kutengeneza baadaye, tena kwenye nakala. Programu ya GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, imekusudiwa kazi hiyo. Tofauti na amri za kawaida za kunakili zinazokwama kwenye sekta mbovu ya kwanza, hiyo huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, huruka penye shida, kisha hurudi kukwangua mabaki. Huandika pia ramani ya ilikofika, kwa hiyo umeme ukikatika kazi huendelea pale iliposimama:

sudo ddrescue /dev/sdb diski.img diski.map

Faili la diski.img litakuwa na ukubwa wa diski nzima, si wa data zilizomo tu, kwa hiyo diski ya terabaiti moja inahitaji nafasi ya terabaiti moja mahali pengine. Matengenezo yote hufanywa juu ya faili hilo au, afadhali zaidi, juu ya nakala yake. Pale mfumo wa faili uliposambaratika kabisa, TestDisk inaweza kutafuta sehemu zilizopotea, na PhotoRec huokota picha na hati kwa kutambua maumbile yake, ingawa majina ya faili huwa yamepotea.

Ushauri wa kuweka diski kwenye friji, ambao bado unazunguka mitaani, haufai kufuatwa. Diski baridi ikitoka kwenye hewa ya joto na unyevu kama ya pwani hutokwa jasho, na maji juu ya bodi ya umeme hayajawahi kurudisha picha ya mtu. Diski inayotoa mlio wa kugonga, na ambayo data zake zina thamani, izimwe na ipelekwe kwa wanaookoa data kitaalamu, ikiwa haijafunguliwa.

Visa viwili vya kukanganya

Diski nzima ya afya inaweza kukatika katikati ya kunakili mafaili makubwa, ikarudi yenyewe, ikakatika tena. Kama shajara inataja neno uas kwenye mistari ya makosa, shida huenda ni njia ya mwendo kasi ya USB ambayo chipu za baadhi ya makasha huitekeleza vibaya. Amri ya lsusb hutoa namba mbili za kasha zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Namba hizo zikiongezwa kwenye vigezo vya kuwashia kompyuta kwa mtindo wa usb-storage.quirks=namba:namba:u, kerneli itarudi kwenye njia ya zamani. Kasi itapungua kiasi, na kukatika kutakoma ikiwa hicho ndicho kilikuwa chanzo.

Kisa cha pili humtisha mtu asubuhi: kompyuta inakataa kuwaka kwa sababu diski ya nje haipo. Hutokea pale diski ilipoandikwa kwenye faili la /etc/fstab ili ifunguliwe kila siku, kisha ikaachwa ofisini. Mifumo mingi ya sasa huisubiri kwa sekunde 90 na kuishia kwenye skrini nyeusi ya dharura. Neno nofail likiongezwa kwenye mstari wa diski hiyo, kompyuta itaendelea na safari bila kuisubiri mpaka mwisho. Ni vyema pia mstari huo utumie namba ya UUID inayoonyeshwa na lsblk -f badala ya jina linalobadilika kama sdb1.

Kwa anayenunua diski mpya, uchaguzi wa mfumo wa faili hutegemea itakakokwenda. FAT32 inafunguka karibu kila mahali lakini haikubali faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi haitaingia. Mfumo wa exFAT hauna kikwazo hicho na unasomwa na Windows, Linux na Mac, ila hauweki jarida la kazi zake, hivyo kuchomolewa ghafla huuumiza zaidi. Wa ext4 unaweka jarida hilo na ni imara kwa anayetumia Linux peke yake. Tatizo lake huja siku diski hiyo inapoazimwa na jirani mwenye Windows. Windows haiutambui mfumo huo, na badala ya kusema hivyo, inaweza kutoa dirisha dogo linalodai kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, pamoja na kitufe cha kukubali kilicho tayari kubonyezwa. Jirani aambiwe mapema kwamba kitufe cha kubonyeza ni kile kingine.